Mkono Usiokuwepo

Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya majaji kuisikiliza rufaa kwa mara ya mwisho, Inspekta alipanda ngazi hadi chumba cha alama za vidole. Alikuta wanaume wawili wamenuniana, kila mmoja akijitia hana neno na mwenzake.

Mmoja alikuwa Mzee Lenzi. Jina hilo alipewa na askari walioajiriwa baada yake, kwa sababu kioo chake cha kukuzia hakikutoka shingoni hata alipokuwa anakula. Meza yake ilikuwa pale pale kwa miaka arobaini na moja, chini ya dirisha la vioo sita ambalo puti yake ya kijivu, ule udongo laini unaoshikilia kioo kwenye mbao, haikuwahi kupakwa rangi. Mkuu wa kituo aliyeahidi rangi hiyo alihamishwa kabla ya kuinunua, na waliomfuata wakaona si ahadi yao. Kikombe cha chai cha Mzee Lenzi kilikaa siku zote kwenye kona ya dirisha hilo, upande wa kushoto, na ole wake mfagiaji atakayekisogeza.

Wa pili alikuwa kijana wa kompyuta, mume wa binti yake wa pili. Mzee alimwita mkwe, basi na kituo kizima kikamwita Mkwe, mpaka barua za ofisini. Tatizo la Mkwe lilikuwa moja. Kazi aliyoletewa ilikuwa kumwonyesha baba mkwe wake kwamba jambo alilolifundisha maisha yake yote halikuwa kweli, na mtu hawezi kubishana na mzee aliyempa mke. Kwa hiyo kila alipokuwa na neno gumu alilipitisha kwa Inspekta, na mzee akarudisha jibu kwa njia hiyo hiyo, ilhali wote watatu wangeweza kushikana mikono bila kunyanyuka.

"Inspekta, naomba umwambie baba kwamba mashine imemaliza."

"Mwambie mkwe nimesikia," akajibu Mzee Lenzi bila kuinua kichwa.

Inspekta aliketi katikati yao, akaomba aanze kuambiwa yeye.

Kesi yenyewe aliijua kwa moyo. Miaka kumi na moja iliyopita, fundi saa mmoja, mwanamke asiye na mume wala mtoto, aliuawa jioni ndani ya duka lake. Alikuwa ametoka kupaka vanishi sanduku la saa ya ukutani, na mtu aliegemea sanduku lile vanishi ikiwa bado mbichi, akaacha alama ya kidole gumba cha kulia. Vanishi ile ilikauka kwa saa moja. Mwenye gumba alikuwepo saa ile ile.

Gumba halikuwa la mtoto wa dada yake, na hilo hakuna aliyelipinga. Lakini mpwa huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo, asubuhi yake walikuwa wamerushiana maneno, na hakuweza kueleza vizuri jioni ile alikuwa wapi. Mahakama haikulitupa gumba. Ililibunia mwenyewe, ikasema ni la mwenzake ambaye anamficha. Akafungwa maisha. Tangu siku hiyo, kila jopo la msamaha lilipokaa lilimwambia amtaje mwenzake apunguziwe. Mara tano alijibu kwamba hana wa kumtaja, na mara tano wakaandika kwamba hajajutia kosa lake. Mama yake, aliyepoteza mdogo wake na mwanawe wiki moja, alikuwa anakuja kituoni kila Jumatatu kuuliza kama kuna jipya. Inspekta alikuwa amempita chini, kwenye benchi la mapokezi, mkoba magotini. Alhamisi majaji wakikataa, hapatakuwa tena na mlango wa kubisha.

"Kabla hujaniambia imesema nini," Inspekta akamwambia Mkwe, "nikumbushe inafanyaje."

Mkwe alieleza polepole, akichagua maneno. Kanuni ya ofisi hii, na ya ofisi zote za namna hii, ilikuwa kwamba alama hulinganishwa kidole kwa kidole. Gumba la kulia kwa gumba la kulia, cha shahada kwa cha shahada. Vidole viwili tofauti, hata vya mtu mmoja, vilihesabiwa kuwa wageni wasiojuana. Yeye aliipa mashine alama za maelfu ya watu ambao vidole vyao kumi vilijulikana. Hakuiambia itazame nini. Aliiambia tu kwamba hivi viwili ni vya mtu mmoja, na hivi si vya mtu mmoja, tafuta mwenyewe kwa nini. Ikabahatisha, ikaambiwa imekosea, ikabahatisha tena, mara nyingi kuliko mtu yeyote angeweza kuvumilia, hadi ikaacha kubahatisha.

Mzee Lenzi alikuwa ameipa mtihani wiki iliyopita. Alitayarisha jozi arobaini za vidole bila majina, akazichanganya, akatia humo kidole chake kidogo cha kushoto na cha pete cha kulia, vya binti yake, na vya mapacha wawili wa kitengo cha magari. Mwenyewe alikaa nazo siku mbili na lenzi yake, hakuoanisha hata moja. Mashine ilizimaliza kabla birika halijachemka. Thelathini na nne ilipatia, na karibu zote ilizokosa zilikuwa za wale mapacha. Mzee alizifurahia zile sita zilizokosewa kwa nusu siku nzima, kisha akanyamaza, na ndipo kununa kulipoanza.

"Imeonaje?" aliuliza Inspekta.

Mkwe aligeuza kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na kidole cha mzee mwenyewe, kikubwa kama sinia, na katikati yake, mistari inapojipinda, paling'aa rangi ya chungwa. Kando ya hapo kulikuwa giza. Huko gizani ndiko Mzee Lenzi alikofanya kazi miaka yote, akihesabu mstari unapokatika na unapogawanyika. Mashine haikujali matawi. Ilitazama mteremko, jinsi mistari inavyoinama kuuzunguka moyo wa kidole, na katika mteremko huo iliona vidole kumi vya mtu vinafanana kama watoto wa tumbo moja.

"Nani aliyeifundisha kutazama hapo?" aliuliza Mzee Lenzi.

"Hakuna, baba," alijibu Mkwe, na kwa mara ya kwanza alisahau kumpitia Inspekta. "Mimi mwenyewe nimejua baada yake. Na hata sasa nikitazama kwa macho yangu siuoni huo mfanano. Najua tu kwamba upo."

Inspekta aligeuza viganja vyake mwenyewe, akavitazama vidole alivyozaliwa navyo, akaona aibu kidogo kwamba hakuvijua. Mamilioni ya watu walikuwa wameshika vidole vyao tangu dunia iwepo, wakavipiga wino, wakavifungia kwenye makabati, na hili lilikuwa wazi juu ya meza siku zote. Alishikwa na mshangao wa kweli, ule unaomfanya mtu mzima apunguze sauti.

Ndipo Mkwe akatoa majibu. Mashine ilikuwa imelisoma gumba la kwenye vanishi pamoja na kadi elfu tatu za kabati la zamani, ikachomoa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu ambaye wiki ya mauaji alilazwa hospitali kifua kikiwa kimefungwa bandeji. Mzee Lenzi alicheka kwa sauti, akamtumia Inspekta pole za kumfikishia mkwe. Ya pili ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa mahabusu wakati huo. Mzee akazidi kucheka.

Ya tatu hakuicheka. Ilikuwa ya fundi vioo aliyepanga chumba cha jirani na duka la fundi saa. Jalada lilisema waligombania ukuta uliowatenganisha. Mwanamume alitaka kuubomoa apanue karakana, mwanamke akakataa. Siku mbili baada ya mauaji, kioo kikubwa kiliteleza kutoka garini kikamkata, na hospitali ikaondoa mkono wake wa kulia juu ya kifundo. Askari walimchukua alama akiwa wodini. Kwenye kadi, vidole vitano vya kushoto vilikuwa safi. Mahali pa mkono wa kulia paliandikwa kwa kalamu: haupo. Na juu ya kadi nzima, kwa wino wa buluu, ulipigwa mhuri wa HAILINGANI, na chini yake ikawekwa saini ya Mzee Lenzi.

Inspekta aliisogeza kadi ile mbele yake taratibu.

"Mzee, ulimlinganisha na nini?"

"Hakukuwa na cha kulinganisha. Gumba lilikuwa la kulia."

"Sasa mbona mhuri?"

Mzee Lenzi alivuta droo. Ndani mlikuwa na mihuri miwili, mbao zake zimelainika kwa kushikwa. Mmoja INALINGANA, wa pili HAILINGANI. Wa tatu haukuwahi kutengenezwa.

"Kadi haitoki mezani bila mhuri," akasema. "Zilikuwa sitini siku ile."

Kwa hiyo mpelelezi wa wakati huo aliletewa kadi, akasoma mhuri, akamfuta fundi vioo kwenye orodha yake, akabaki na mpwa. Ofisi nzima ilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na lililohitajika halikuwa mojawapo. Mzee Lenzi aliifunga droo, akatazama nje dirishani, na Inspekta akamwonea huruma kwa moyo wake wote, lakini Alhamisi haikuwa na huruma na mtu.

"Majaji watakuuliza mashine inajuaje," alimwambia Mkwe.

"Nitasema sijui vizuri."

"Na pia imemtaja mtu aliyekuwa kitandani na mwingine aliyekuwa rumande."

"Imewataja."

Basi mashine ilikuwa imewaonyesha njia, lakini haikuwa shahidi. Shahidi ni lile gumba la kulia, na gumba halikuwepo duniani. Inspekta aliuliza kitambulisho. Walichukua gumba la kushoto, kama la kila mtu. Aliuliza mikataba na leseni. Fundi vioo alizitia saini kwa kalamu. Kilichobaki kilikuwa maneno ya mtu mwenyewe katika maelezo aliyoandikisha: *Sijawahi kukanyaga ndani ya duka lile tangu nizaliwe.* Gumba likipatikana, sentensi hiyo ingemfunga yeye mwenyewe. Akatuma gari likamwite, kwa kisingizio kwamba kadi za zamani zinafanywa upya.

Fundi vioo alifika saa nane mchana, amevaa shati lililopigwa pasi, mkono wa shati wa kulia umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa mchangamfu. Aliwasalimia wote, akamwamkia Mzee Lenzi shikamoo ya adabu, akanyoosha mkono wa kushoto kabla hajaombwa. Mzee alimpaka wino, akavigandamiza vidole kimoja kimoja kwenye karatasi.

Inspekta alimuuliza kuhusu duka la jirani yake, kama mtu anayejaza nafasi wakati wino unakauka.

"Sijawahi kukanyaga ndani ya duka lile tangu nizaliwe," alisema fundi vioo.

Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, baada ya miaka kumi na moja. Anayekumbuka jambo hulisema leo hivi na kesho vile. Huyu alikuwa amelikariri. Inspekta aliliandika pembeni ya daftari, akijua kwamba wakili yeyote angelifuta kwa pumzi moja.

"Poleni, afande," aliongeza fundi, akitabasamu. "Kama mliutaka ule mwingine, ulichomwa huko huko hospitali. Hata sikuuaga."

"Ulikuwa mkono wa kazi?"

Hapo uso wa fundi ulibadilika, ukawa wa mtu anayezungumzia marehemu wake. Alisema kazi zake zote za maana alizifanya kwa mkono huo. Wa kushoto ulikuwa wa kushikilia tu. Sasa ana vijana wanaokata, yeye anasimamia, na roho inamuuma kuona wanavyopaka puti kama wanaopaka siagi. Puti, alisema, hulazwa kwa kisu, lakini kona hazitaki kisu. Kona hugandamizwa kwa gumba hadi uhisi mbao. Alipokuwa akisema hayo macho yake yalipanda dirishani, juu ya meza ya Mzee Lenzi, na fundi aliyekuwa ndani yake akamshinda yule mwenye siri.

"Ona ile," alisema kwa masikitiko. "Niliwaambia ipakwe rangi. Puti ikikosa rangi hupasuka. Bahati yenu nilibandika kwa ndani, kwa vile hamkuwa na jukwaa la kusimamia huko nje. Ingekuwa nje, jua lingekwisha kuila."

Inspekta hakuinua kichwa. Alimaliza kuandika neno alilokuwa analiandika.

"Ulimwambia nani?"

"Mkuu wenu. Siku niliyomaliza."

"Siku gani hiyo?"

Mzee Lenzi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Mwaka wa mvua ya mawe. Vioo vyote vya ghorofa hii vilivunjika. Mwezi mmoja kabla ya fundi saa kuuawa."

"Vilivunjika," alisema Inspekta, "na huyu akavirudisha. Kwa mkono gani, fundi?"

Mtu yule aliitazama pini iliyobana shati lake, akaitazama kana kwamba kuna aliyeifungua.

Mzee Lenzi alisimama. Alikiondoa kikombe chake kwenye kona ya dirisha, akakitafutia mahali, hakupaona, akampa Mkwe akishike. Alipuliza vumbi. Akachukua brashi yake laini na kuipitisha mara mbili, akawasha taa ya pembeni ili mwanga uingie kwa ubavu, kisha akainamia kona ile na lenzi na kukaa hivyo.

"Lipo," alisema.

Inspekta aliwaita askari wawili wamkalishe fundi mbali na dirisha. Hakuna aliyemgusa zaidi ya hapo, na hakusema lolote tena isipokuwa kuomba wakili, naye akapewa simu. Mkwe aliileta picha ya gumba la kwenye vanishi, akaisimamisha karibu na kona. Yote mawili yalikuwa yamegandamizwa kwenye kitu laini kikakauka, kwa hiyo hayakuhitaji kugeuzwa kama picha ya kwenye kioo. Mzee Lenzi alianza kuhesabu kwa sauti, kwa njia yake ya zamani, ile ambayo majaji waliijua. Mstari unakatika hapa, na hapa unakatika. Unagawanyika hapa, na hapa unagawanyika. Nane. Kumi na moja. Inspekta alijikuta ameuma kofia ya kalamu. Alipofika kumi na sita mzee aliacha, si kwa kuwa zimekwisha, bali kwa kuwa macho yalikuwa yamemlowa na hakuweza kuona vizuri.

Miaka kumi na moja lile gumba lilikuwa limekaa mbele ya mtu aliyejua kusoma magumba kuliko wote nchini, amelifunika kwa kikombe. Asingelitafuta hata kama angeishi mara tatu, kwa sababu mhuri wake mwenyewe ulimwambia hakuna cha kutafuta. Na kitu kisicho na macho, kilichojifunza peke yake, kilitazama vidole vitano vya mkono wa kushoto kikaona ndani yake mkono uliokwisha kuwa majivu. Inspekta aliitazama ile kompyuta iliyokuwa inanguruma taratibu kwenye kona, akahisi kama mtu aliyeingia chumba alichodhani ni kitupu.

"Mwanangu," alisema Mzee Lenzi, na Mkwe akageuka nyuma kuona anaitwa nani. "Njoo uone. Kumi na saba hii hapa, mimi siioni sawasawa. Ihesabu wewe."

Mkwe aliweka kikombe sakafuni, akachukua lenzi aliyopewa. Ilikuwa bado kwenye kamba yake shingoni mwa mzee, kwa hiyo walisimama vichwa vimegusana.

"Naiona, baba."

Walipiga picha, wakaikata kona ile ya puti pamoja na ubao wake, wakaifungia kwenye sanduku na kulitia lakiri. Wote watatu wakaweka saini. Kwenye kadi mpya ya gumba la kwenye puti Mzee Lenzi alipiga INALINGANA. Kisha akaichukua kadi ya zamani, akaweka kalamu juu ya mhuri wake wa buluu, akaupiga mstari mmoja ulionyooka. Kando yake aliandika kwa mkono: *Sikuwa na njia ya kujua, nikaandika kama ninayejua.* Akatia tarehe.

Inspekta alisema atashuka yeye kuzungumza na mama. Mzee Lenzi alikataa. Aliivua lenzi shingoni, akaiacha juu ya meza, akashika reli ya ngazi na kushuka hatua moja moja, Inspekta nyuma yake.

Mama alikuwa bado kwenye benchi. Alianza kuinuka kwa heshima ya mzee mwenzake, naye akamwomba asiinuke.

"Mama, mwanao alikuwa anasema kweli. Hakuwa na mwenzake wa kumtaja. Tumempata mwenye gumba, na ushahidi wake utakuwa mbele ya majaji Alhamisi. Kuna kadi iliyomficha mtu huyo miaka yote hii. Mhuri wake niliupiga mimi."

Mama alimtazama. Aliufungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu, kisha akauliza Alhamisi milango ya mahakama inafunguliwa saa ngapi.